Gastruloidi Mombasa: mwongozo kamili wa kuchunguza siku za mwanzo za kiinitete kwa seli shina

Binti wa dada yangu alizaliwa na mgongo wazi. Mrija wa neva, ule unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga ndani ya siku 28 za kwanza tangu yai kurutubishwa. Siku hizo zote dada yangu alikuwa akivuka feri ya Likoni asubuhi na jioni kwenda kazini, hajui kama ana mimba. Alipokwenda kliniki mara ya kwanza, jambo lilikuwa limeshapita zamani.

Tangu hapo nimezishughulikia siku hizo. Ugumu wake ni kwamba hazionekani. Kiinitete cha wiki ya tatu ni kidogo kuliko punje ya mchele, kimejichimbia katika ukuta wa mji wa mimba, na hakuna mwenye haki ya kumgeuza mama na mimba yake kuwa jaribio. Ndiyo maana tunatumia vielelezo vya seli shina. Kilicho karibu zaidi na uwezo wa maabara ndogo kama zetu za Mombasa ni gastruloidi: fundo la seli shina za panya zipatazo 300, ambalo kwa saa 120 hujipanga lenyewe, likapata mbele na nyuma, likarefuka.

Naandika kwa ajili ya kijana aliyesoma baiolojia, anayejua kushika pipeti, na ambaye maabara yake ina kabati la usalama, kiatamizi cha kaboni dioksidi na hadubini. Nimepoteza sahani nyingi kabla ya kulielewa hili, kwa hiyo nalitanguliza: gastruloidi hufaulu au huharibika kabla hujaanza kuzitengeneza. Hali ya seli katika wiki mbili zilizotangulia na usahihi wa kuhesabu ndivyo vinavyoamua. Siku tano zenyewe ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani.

Ujue unatengeneza nini

Yai likisharutubishwa hugawanyika mara mbili, nne, nane, mpaka siku ya tano hivi kwa binadamu linakuwa kijifuko chenye maji, blastosisti. Ukuta wa kijifuko hicho huzaa sehemu kubwa ya kondo la nyuma. Kifundo cha seli kilichoganda upande mmoja wa ndani ndicho kinachozaa mwili. Seli za kifundo hicho zikitolewa na kulishwa ipasavyo huendelea kugawanyika bila kuamua zitakuwa nini, na hizo ndizo seli shina za kiinitete. Za panya zilipatikana mwaka 1981, kwa Martin Evans na Matthew Kaufman huko Cambridge, na kwa Gail Martin huko California mwaka huohuo. Za binadamu zikaja mwaka 1998 kwa James Thomson wa Wisconsin. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi wa Kyoto wakaonyesha kwamba seli ya kawaida ya panya mzima hurudishwa kwenye hali ya ushina kwa jeni nne.

Baada ya blastosisti huja gastrulesheni, karibu siku ya 15 kwa binadamu na siku ya sita na nusu kwa panya. Seli huhama, zikapiga mbizi kupitia mstari wa awali na kujipanga matabaka matatu: la nje litakalotoa ngozi na neva, la kati litakalotoa misuli, mifupa, damu na moyo, na la ndani litakalotoa utando wa utumbo na mapafu. Mwaka 2014 maabara ya Alfonso Martinez Arias huko Cambridge ilionyesha kwamba seli shina za panya zikikusanywa kwa idadi maalumu na kupewa ishara moja fupi, hurudia sehemu ya mpango huu zenyewe. Ndizo gastruloidi.

Mamangu alipochungulia hadubini aliniuliza, "Mwanangu, hiki ni kiumbe?"

Nikamjibu, "La, mama. Hakina kondo wala sehemu ya mbele ya ubongo. Hata kikirudishwa tumboni mwa panya hakiwezi kuwa panya."

Akanyamaza kidogo. "Basi waeleze watu hivyo hivyo."

Nimeshika neno lake. Katika mji huu utaulizwa swali hilo na imamu, na mchungaji, na jirani, na wote wana haki ya kujibiwa kwa subira. Anza kwa kusema ni seli za panya, na kwamba hakuna panya anayechinjwa kila unapofanya jaribio, kwa sababu seli hizo zimekuwa zikiishi na kugawanyika maabara kwa miaka.

Hatua ya 1: karatasi

Usiagize kitu kabla ya vibali. Peleka pendekezo lako kwa kamati ya maadili ya taasisi, kisha uombe leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Ukitaka seli zilizobadilishwa jeni, kwa mfano zile zinazong'aa kijani pale jeni ya Brachyury, jeni ya mstari wa awali, inapowaka, utahitaji pia idhini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2009. Maabara inayokupa seli itataka mkataba wa makabidhiano uliotiwa saini na taasisi yako. Karatasi hizi huchukua muda. Utumie muda huo kwa hatua inayofuata.

Hatua ya 2: jifunze kwa yai la kienyeji

Watu huiruka hatua hii, kisha wanatazama gastruloidi bila kujua wanatafuta nini. Nenda Kongowea ununue mayai ya kuku wa kienyeji kwa mtu unayejua anafuga jogoo. Mayai ya gredi hayafai, kwani kuku wale hutaga bila kupandwa. Yaweke kwenye kiatamizi cha mayai kwa nyuzi 38 penye unyevu. Baada ya saa 18 hivi mstari wa awali huonekana juu ya kiini. Saa 24 hadi 26 utaona vipande vya kwanza vya mgongo, somaiti, vikijipanga kwa jozi. Karibu saa 33 hadi 36 moyo huanza kupiga.

Vunja yai polepole kwenye bakuli, kata kipande cha karatasi ya chujio chenye tundu katikati, kilaze juu ya kiini ili kiinitete kibaki ndani ya tundu, kisha kata utando pembeni kwa mkasi mdogo na ukinyanyue. Kitie kwenye maji ya chumvi ya vuguvugu chini ya hadubini ya kawaida. Mayai kumi na mawili yatakufundisha mbele, nyuma na katikati kuliko mchoro wowote, na utajifunza pia kwamba mayai ya siku moja hayalingani umri.

Hatua ya 3: andaa maabara kwa hali ya hewa ya Pwani

Miongozo mingi imeandikwa na watu wa nchi za baridi. Hapa kwetu kuna mambo matatu ya kushughulikia: joto, stima na maji.

Kiatamizi hupasha joto tu, hakipoozi. Ili kishike nyuzi 37 sawasawa, chumba lazima kiwe na ubaridi wa nyuzi tano au zaidi chini ya hapo. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, chumba kilichofungwa madirisha hufika nyuzi 33 bila shida, na mashine zenyewe huongeza joto. Kiatamizi kikifika nyuzi 38 na nusu hakikwambii kitu. Seli ndizo zitakazokwambia, siku tatu baadaye. Weka kipimajoto cha pembeni ndani ya kiatamizi, usitegemee kioo cha mlangoni peke yake. Chumba kikae kwenye nyuzi 24 hadi 26. Kiyoyozi kisipulize moja kwa moja kwenye kabati la usalama, maana huvuruga ukuta wa hewa unaokinga seli, na trei yake ya maji ni shamba la ukungu. Ioshe kila wiki, na wakati wa masika mara mbili.

Stima ikipotea, usifungue mlango wa kiatamizi. Kikiwa kimefungwa, chenye sinia la maji chini, hushika joto kwa muda. Kila ukifungua unatupa joto na gesi. Betri yenye inveta inayoweza kubeba kiatamizi kimoja kwa saa nne inafaa zaidi kuliko jenereta inayongoja mtu wa kuiwasha. Mimi nilipoteza sahani nzima ya saa 72 kwenye maabara ambayo jenereta ilikuwapo, dizeli ilikuwapo, na mwenye ufunguo alikuwa Mtwapa.

Mtungi wa kaboni dioksidi uwe na mwenzake wa akiba siku zote. Kiatamizi hukaa kwenye asilimia 5. Gesi ikiisha usiku, midia, yaani kimiminika cha kulishia seli, hupoteza uchachu wake na kugeuka zambarau, na hakuna kengele inayolia.

Maji ya kisima yana chumvi, ya mfereji huja kwa zamu na hukaa matangini. Hata mashine yako ya kuchuja ikiwa nzuri, maji ya kutengenezea midia nunua yaliyofungwa na kuthibitishwa kwa ajili ya seli. Yale ya kuchuja yatumie kwenye sinia la unyevu, yakiwa yamechemshwa kwanza kwenye otoklevu, sufuria ya mvuke wa shinikizo inayoua vijidudu.

Hatua ya 4: pokea seli na uziamshe

Seli husafiri zimegandishwa, ama kwenye barafu kavu ama kwenye chombo cha mvuke wa naitrojeni. Barafu kavu hupungua kila saa, na mzigo unaweza kukaa uwanja wa ndege wa Moi ukingoja forodha. Mwombe mtumaji aongeze barafu mara mbili ya kawaida, apeleke Jumatatu, na wewe uwe umeshaongea na ajenti wako na kumpa nakala za vibali kabla ndege haijaondoka.

Kichupa kikifika, kiweke kwenye naitrojeni ya maji. Siku ya kuamsha, kizungushe kwenye maji ya nyuzi 37 mpaka kibaki kipande kidogo cha barafu, hiyo ni kama dakika moja au mbili, kisha mimina polepole kwenye mililita 10 za midia ya vuguvugu. Dawa inayokinga seli wakati wa kuganda huziumiza zikiwa moto, kwa hiyo usikawie. Zungusha kwenye sentrifugi kwa nguvu ya 200 g dakika 5, mwaga maji ya juu, weka seli kwenye chupa iliyopakwa jelatini ya asilimia 0.1.

Midia ya kulea ina seramu ya ndama asilimia 10 hadi 15, amino asidi za ziada, piruveti, beta-mekaptoethanoli, na protini iitwayo LIF kwa yuniti 1000 kwa mililita. LIF ndiyo inayozizuia seli kuamua. Ukiisahau siku moja, zitaanza safari bila wewe. Seramu hutofautiana kwa toleo. Ukipata toleo linalokubali, nunua chupa za kutosha mwaka mzima.

Hatua ya 5: lea seli kwa wiki mbili

Hapa ndipo kazi ilipo.

Kila asubuhi kabla ya kitu kingine, tazama seli. Koloni yenye afya imeumuka kama hamri lililotoka karaini, mviringo, kingo zinang'aa, na huwezi kuhesabu seli moja moja ndani yake. Koloni iliyoanza kupotea hutanda kama chapati, kingo zinachomoza vidole, na seli zinaonekana moja moja. Chapati chache pembeni zinavumilika. Zikifika robo ya chupa, usifanye gastruloidi wiki hiyo.

Zigawe kila siku ya pili, zikiwa zimefunika asilimia 40 hadi 60 ya sakafu. Ukiziacha zijae, hata mara moja, zitakumbuka. Siwezi kulieleza kwa neno bora: seli zilizojaa Jumamosi kwa sababu hukuja kazini zitakupa gastruloidi mbaya Alhamisi inayofuata, ingawa Jumatatu zinaonekana nzuri. Kwa hiyo anayeanza kazi hii ajue anafunga wikendi zake. Kama mko wawili, gawaneni zamu.

Usizitumie mpaka ziwe zimegawanywa mara mbili au tatu tangu kuamshwa. Andika namba ya mgawanyo kwenye kila chupa. Na pima maikoplazma mara moja kwa mwezi. Bakteria hawa hawana ukuta, hawaonekani kwa hadubini ya kawaida, hawachafui midia, na penisilini haiwagusi. Seli huishi nao kimya huku zikitoa majibu ya uongo. Seli zenye maikoplazma zitupe, usijaribu kuzitibu.

Hatua ya 6: saa 0, siku ya kuhesabu

Tengeneza kwanza midia ya pili, N2B27, isiyo na seramu wala LIF. Kwa mililita 100 changanya nusu kwa nusu midia mbili za dukani, DMEM/F12 na Neurobasal, ongeza virutubisho viwili, N2 mililita 0.5 na B27 mililita 1, glutamini, na beta-mekaptoethanoli ya milimola 0.1. Ikae friji, gizani, isizidi wiki mbili.

Mwaga midia ya kulea. Osha seli mara mbili kwa PBS, maji ya chumvi ya kuoshea seli, ya vuguvugu. Weka tripsini, kimeng'enya kinachobandua seli, dakika mbili au tatu tu, mpaka zianze kuteleza, kisha izime kwa midia yenye seramu. Pandisha na kushusha kwa pipeti mara kumi hadi kumi na tano ili zitengane moja moja. Ukipuliza mapovu unaziua. Zungusha, mwaga, ongeza PBS, zungusha tena, mwaga, rudia mara nyingine. Seramu ikibaki hata kidogo, mafundo hayatarefuka. Sasa zilegeze kwenye mililita 1 ya N2B27.

Hesabu kwa hemositomita, kioo chenye miraba cha kuhesabia seli. Changanya mikrolita 10 za seli na mikrolita 10 za bluu ya tripani, hesabu miraba minne mikubwa ya pembeni, acha zilizonywa bluu kwa kuwa zimekufa. Tuseme umepata wastani wa 40 kwa mraba. Zidisha kwa 2 kwa ajili ya rangi, kisha kwa 10,000: una seli 800,000 kwa mililita.

Unataka seli 300 katika mikrolita 40, yaani 7,500 kwa mililita. Ukienda moja kwa moja utachota mikrolita 28 tu kutia kwenye mililita 3, na kosa dogo la pipeti litageuza 300 kuwa 380. Nenda kwa ngazi mbili. Chukua mikrolita 94 za seli, ongeza N2B27 mpaka mililita 1. Hapo una 75,000 kwa mililita. Changanya kwa upole, ihesabu tena uhakikishe, halafu chukua mikrolita 300 za hiyo na uongeze mililita 2.7. Una mililita 3 za kutosha visima 60, yaani vishimo vya sahani ya kuoteshea, na akiba.

Kwa nini 60 na sahani ina 96? Visima vya ukingoni hukauka mapema, na mikrolita 40 ni tone. Jaza visima 36 vya ukingo kwa PBS na utumie vya ndani. Sahani iwe ya visima vyenye sakafu ya mviringo kama kikombe, iliyotengenezwa seli zisigande. Bila hivyo seli hushika sakafu badala ya kushikana zenyewe.

Tikisa mrija kila baada ya visima kumi, kwa sababu seli huzama. Mwanafunzi mmoja aliniletea sahani yenye mafundo madogo safu ya juu na makubwa ya chini. "Mwalimu, kiatamizi kina shida upande mmoja," akasema. Nikamwomba ajaze nyingine nikimtazama. Hakutikisa hata mara moja, na seli zote zilikuwa zimeshuka chini ya chombo, safu za mwisho zikapata mara mbili.

Funika, weka kwenye kiatamizi, na usiiguse kwa saa 48. Kutazama kila baada ya saa mbili kunayumbisha seli kabla hazijashikana.

Hatua ya 7: saa 48 hadi 120

Saa 48 kila kisima kiwe na fundo moja la mviringo, laini pembeni, lenye kipenyo cha mikromita 150 hadi 200. Vumbi la seli zilizokufa kando yake ni la kawaida. Mafundo mawili kwenye kisima kimoja: kitie alama na usikihesabu.

Sasa toa ishara. Dawa ni CHIR99021, ambayo maabara nyingi huiita Chiron tu. Inaamsha njia ya Wnt, mfululizo wa ishara ndani ya seli, ileile inayoanzisha mstari wa awali. Kwa visima 60 tengeneza mililita 10 za N2B27 yenye mikromola 3: hiyo ni mikrolita 3 za akiba ya milimola 10. Ongeza mikrolita 150 kila kisima, kwa nguvu kidogo, ncha ya pipeti ikielekea ukutani, fundo linyanyuke kutoka chini. Ukiongeza kwa uoga litaganda sakafuni. Acha visima sita bila Chiron ili uwe na cha kulinganishia.

Saa 72, toa mikrolita 150 na urudishe 150 za N2B27 tupu. Inamisha sahani kidogo, chota juu, mwanga ukiwa nyuma yako ili ulione fundo. Ni nukta nyeupe. Saa 96, rudia. Ukikosa saa moja mbele au nyuma si kitu. Ukikosa saa sita, andika kwenye daftari na usichanganye sahani hiyo na nyingine.

Umbo lenyewe litakwambia. Saa 72 bado mviringo, limekua. Saa 96 limechongoka upande mmoja kama tone. Saa 120 limekuwa korosho, urefu wa nusu milimita hadi karibu milimita moja, na Brachyury inawaka kwenye ncha moja tu, ile ya nyuma. Mara ya kwanza kuiona ikiwaka kijani gizani niliita watu wote wa jengo waje kuiona, hata mlinzi.

Hapo panya aliye tumboni angekuwa na siku nane na nusu hivi. Zisizopewa Chiron kwa kawaida hubaki mviringo au hurefuka kidogo mno.

Mambo yakienda mrama, angalia hivi. Yote mviringo saa 120: seramu imebaki, au Chiron imezeeka, au seli zilikuwa chapati. Ncha mbili au tatu kwenye fundo moja: seli zilizidi, mara nyingi 500 na kuendelea. Ukubwa tofauti kisima kwa kisima: hukutikisa. Nyuzi nyeupe kama pamba: ukungu, funga sahani kwa mkanda, itie kwenye otoklevu bila kuifungua, usafishe kiatamizi chote.

Hatua ya 8: ukitaka vipande vya mgongo

Mwaka 2020 makundi mawili yalionyesha kwamba gastruloidi zikiongezwa Matrigel, jeli ya protini, kidogo saa 96, asilimia 10 kwa kundi moja na 5 kwa jingine, hutoa somaiti zilizopangana, na kwa kundi la pili mrija wa neva pia. Matrigel hutokana na uvimbe wa panya na huganda ikipita nyuzi 10. Kwenye chumba cha Mombasa hiyo ni dakika moja. Iyeyushe usiku kucha friji, weka ncha za pipeti kwenye friza, na ufanye kila kitu juu ya barafu. Mashine yetu ya barafu ilipoharibika nilinunua bonge la barafu la wavuvi, nikalivunja nikajaza beseni. Vichupa vilivyofungwa havijali barafu imetoka wapi, mradi uvifute kwa spiriti kabla ya kuviingiza kabatini. Panya hutengeneza jozi ya somaiti kila saa 2 hivi, wakati saa ya seli za binadamu ni kama 5, kwa hiyo piga picha mara kwa mara.

Hatua ya 9: soma ulichopata

Piga picha za visima vyote 60, vizuri na vibaya, kwa ukuzaji uleule. Kisha gandisha umbo kwa formaldehidi ya asilimia 4, saa mbili kwenye friji, ukivaa glavu na ndani ya kabati la mvuke. Osha, weka kingamwili dhidi ya Brachyury, Sox2 na Gata6 ili uone nyuma, neva na upande wa mbele. Ncha za pipeti zikatwe kwa wembe, tundu jembamba huvunja gastruloidi.

Pima urefu na upana kwa programu ya Fiji, isiyolipiwa. Anayepima asijue kisima kipi kilipewa nini. Ficha majina ya faili. Visima kumi vya sahani moja ni jaribio moja lililorudiwa kwenye visima. Ili useme umepata kitu, rudia siku tatu tofauti, kwa seli zilizogawanywa tofauti.

Asiye na maabara kabisa naye ana kazi. Mwaka 2019 ilichapishwa ramani ya seli 116,312 za kiinitete cha panya, kuanzia siku 6.5 hadi 8.5, kila seli na jeni zake. Inapakuliwa bure, na kompyuta yenye kumbukumbu ya kutosha na programu ya R huifungua.

Kuhusu seli za binadamu

Gastruloidi za binadamu zilichapishwa mwaka 2020, na blastosisti za mfano mwaka 2021. Usianze nazo. Miongozo ya jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa seli shina, ya 2021 na marekebisho yake ya 2025, inataka kazi ya vielelezo vya kiinitete cha binadamu isimamiwe, iwe na sababu ya kisayansi na mwisho uliowekwa tangu mwanzo, na inakataza kuvipandikiza kwenye mji wa mimba wa binadamu au mnyama. Nakubaliana na kila neno la katazo hilo. Miaka miwili ya panya ndiyo itakayokupa mikono ya kuomba kibali cha kazi hiyo.

Jaribio la kwanza lenye swali

Ukishapata sahani tatu mfululizo ambazo mafundo manane kwa kumi yamerefuka, uliza swali. Langu la kwanza lilikuwa valproeti, dawa ya kifafa inayojulikana kuongeza hatari ya mgongo wazi. Mgonjwa asiache dawa yake kwa kusoma hapa. Aongee na daktari kabla ya kushika mimba. Kwenye damu ya mgonjwa kiwango kinacholengwa ni mikrogramu 50 hadi 100 kwa mililita, kwa hiyo panga safu sita za visima kumi: 0, 25, 50, 100, 200 na 400. Sahani hii visima vyote 60 vipate Chiron. Visivyopewa viweke kwenye sahani ya pembeni. Ianze dawa saa 72, Chiron ikishatoka, na uirudishe saa 96. Kumbuka mikrolita 40 hubaki kisimani unapobadilisha, hivyo kwa mara ya kwanza zidisha kipimo kwa 1.27, la sivyo safu yako ya 100 itakuwa kama 79.

Pima vitu viwili: urefu ukigawanywa kwa upana, na eneo la fundo zima. Fundo lililo dogo na lenye vumbi jingi limelishwa sumu tu. Unalotafuta ni fundo lenye ukubwa wake wa kawaida lililoshindwa kurefuka. Bila Matrigel hakuna mrija wa neva, kwa hiyo sahani hii haisemi lolote kuhusu kufunga kwake. Inauliza tu kama mwili unapata urefu. Siku ya pili geuza mpangilio, 400 iwe juu na 0 chini, ili ukingo wa sahani usikudanganye. Siku ya tatu mpe mwenzako ajaze, wewe upime.